Nairuzi nyumbani: kuanzia punje ya ngano hadi siku ya kumi na tatu

Kila mwaka Februari ikielekea mwisho, maswali huanza kuja. Ngano niiloweke lini? Vile vitu saba vya mezani, lazima majina yote yaanze na S? Mbona ngano yangu imenuka? Anayeuliza huwa ni dada aliyehamia huku Göteborg, Sweden, majuzi, au kijana wa Mombasa anayefanya kazi Dubai na amealikwa na wenzake Wairani, au mtu wa Dar aliyeona picha ya meza na kuipenda. Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka. Sasa nayaandika yote pamoja, kwa mpangilio wa siku, ili ukianza usikwame katikati.

Nairuzi ni mwaka mpya wa Kiajemi. *Now* ni mpya, *ruz* ni siku. Unaingia pale majira ya kuchipua yanapoanza upande wa kaskazini wa dunia, mchana na usiku vikiwa karibu sawa, Machi 20 au 21. Wanaosherehekea ni Wairani, Waafghani, Watajiki, Wakurdi, Waazerbaijani, Wauzbeki na wengine wengi, na tangu 2009 UNESCO imeiweka katika orodha ya urithi wa binadamu. Jina lenyewe si geni kwetu. Mimi ni mtu wa kusini Unguja, na kwetu Makunduchi Siku ya Mwaka ndiyo hiyohiyo Nairuzi, ilikuja pwani pamoja na majahazi ya Ghuba. Yetu hujikuta Julai kwa kuwa kalenda ya miongo (ile ya kuhesabu siku kumi kumi) ina siku 365 kamili, haina siku ya ziada ya mwaka mrefu, kwa hiyo husogea siku moja kila miaka minne. Lakini kukoga, kuchoma moto wa mwaka, kutokubali mtu akae bila mgeni, yote hayo nilipoyakuta kwa jirani yangu mtu wa Rasht, kaskazini mwa Iran, niliyatambua mara moja.

Huyo jirani ni mtu mzima, wanangu humwita Bibi, na karibu yote niliyoandika hapa nimejifunza jikoni kwake.

Utakavyohitaji

Vya kuotesha: ngano nzima kikombe kimoja (au adesi, au choroko), bakuli, sahani mbili bapa zenye ukingo mdogo, vipande viwili vya kitambaa cha pamba (kanga kuukuu inafaa kabisa), chupa ya kupulizia maji, na utepe mwekundu.

Vya meza: kitambaa safi, kioo, mishumaa, mayai, sarafu, tufaa, kitunguu thaumu, siki, na vingine nitakavyovitaja hatua ya 5.

Vya chakula: mchele wa basmati vikombe 4, samaki, zafarani kidogo, vitunguu thaumu, na majani mabichi kwa wingi: kotimiri, pasli, shibiti (yale majani membamba kama nyuzi) na majani ya vitunguu. Ukipata na majani ya uwatu, weka kidogo tu, ni machungu.

Muda: wiki mbili kabla. Usiniambie una siku tatu. Kwa siku tatu utapika wali, lakini ngano hutaipata.

Hatua ya 1. Jua saa ya mwaka

Mwaka wa Kiajemi hauingii saa sita ya usiku. Unaingia kwa dakika maalumu, mchana au usiku, na dunia nzima ni dakika moja hiyohiyo. Mwaka 2026, kwa mfano, ni Machi 20: saa 12:16 jioni Tehran, saa 11:46 jioni Afrika Mashariki, saa 9:46 alasiri hapa Sweden. Iran iko nusu saa mbele ya Nairobi na Dar, kwa hiyo ukisikia saa ya Tehran toa dakika 30. Kila mwaka saa hiyo husogea mbele kwa saa sita kasoro, kisha mwaka mrefu huirudisha nyuma. Itazame mapema uiandike ukutani, maana hatua nyingine zote zinahesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo.

Hatua ya 2. Otesha ngano

Hii ndiyo roho ya jambo lote. Kwa Kiajemi inaitwa *sabzeh*, yaani ubichi. Kama utafanya kitu kimoja tu katika mwongozo huu, fanya hiki.

Katika nyumba ya baridi anza siku 13 au 14 kabla. Katika joto la Mombasa, Dar au Muscat, siku 8 hadi 10 zinatosha. Ukianza mapema zaidi majani yatakuwa marefu, yatalala na kuwa manjano kabla ya siku yenyewe.

a) Chagua punje. Ngano iwe nzima, na ganda lake. Ile inayouzwa kwa ajili ya boko boko mara nyingi imetwangwa, haioti hata ukiililia. Adesi nazo ziwe nzima za kahawia au kijani. Zile nyekundu zilizokobolewa na kupasuliwa zitaoza tu. Usitumie mbegu za kupandia zilizopakwa dawa (huwa zimetiwa rangi ya waridi au nyekundu), hasa kama una watoto wanaoshikashika. Ondoa punje zilizovunjika, moja iliyovunjika huozesha jirani zake.

b) Osha, loweka katika maji mengi ya kawaida kwa saa 24. Badilisha maji mara moja katikati. Zinazoelea juu zitupe.

c) Chuja, ziweke juu ya kitambaa kibichi, funika kwa pembe za kitambaa hichohicho, uache mahali penye vuguvugu na giza. Asubuhi na jioni nyunyiza maji. Baada ya siku moja hadi mbili utaona ncha nyeupe zikitoka kwenye punje.

d) Sasa zihamishie kwenye sahani. Zitandaze kwa unene wa punje mbili, zisizidi. Hapa ndipo wengi hukosea: wanarundika kama mchele kwenye sinia, kisha za chini zinakosa hewa na kuoza. Funika kwa kitambaa kibichi.

e) Pulizia maji mara mbili kwa siku. Pulizia, usimwagie. Inamisha sahani, maji yakikusanyika ukingoni, yamwage. Majani yakifika kimo cha sentimita moja au mbili, ondoa kitambaa na isogeze sahani penye mwanga. Jua kali la dirishani liepuke siku za mwanzo.

f) Geuza sahani kila siku, la sivyo majani yote yatainamia dirisha.

g) Siku ya mwisho lifunge shada kiunoni kwa utepe mwekundu, usikaze sana.

Mwaka wangu wa kwanza niliizamisha ngano. Niliona imekauka juu, nikamimina kikombe cha maji, nikalala. Siku ya nne nyumba nzima ikanuka kama gogo lililooza. Bibi alipanda ngazi, akanusa, akashuka bila neno, akarudi na sahani iliyokuwa kijani kitupu. Yeye huotesha mbili kila mwaka, ya pili kwa ajili ya mtu atakayeharibu yake. Ndiyo maana nimekuandikia sahani mbili kwenye mahitaji.

Hatua ya 3. Itikise nyumba

Wairani wanaita usafi huu *khaneh tekani*, kuitikisa nyumba. Mazulia yanatolewa nje yanapigwa, mapazia yanafuliwa, makabati yanahamishwa. Huhitaji kufundishwa kufagia. Neno langu ni moja: gawa kwa vyumba, chumba kimoja kwa siku, na jikoni iwe ya mwisho, kwa sababu utaichafua tena ukipika. Kilichovunjika kitengeneze au kitoke. Hata nguo moja mpya kwa kila mtoto inatosha, ioshwe na kupigwa pasi.

Hatua ya 4. Usiku wa kuamkia Jumatano ya mwisho

Jumanne ya mwisho kabla ya Nairuzi, jua likishatua, watu huwasha mioto midogo na kuiruka. Anayeruka huuambia moto: *zardi-ye man az to, sorkhi-ye to az man*, yaani umanjano wangu uchukue wewe, wekundu wako nipe mimi. Umanjano ni maradhi na uchovu wa majira ya baridi, wekundu ni afya.

Kama una uwanja na ruhusa, moto uwe mdogo, usiofika magotini, ndoo ya maji iwe karibu, na mtu mzima mmoja asiruke kabisa, kazi yake iwe kuangalia. Usiruke na dera wala kanga. Nasisitiza hili kwa sababu sisi ndio tunaovaa nguo pana, na nguo nyingi sasa ni za nailoni, zikishika moto zinaganda mwilini. Vaa suruali ya pamba. Ukikaa ghorofani, weka mishumaa mitatu kwenye sinia la bati, mseme maneno mkiwa mmekaa. Watoto wangu wanafurahi vilevile.

Hatua ya 5. Tandika meza ya S saba

*Haft-sin* maana yake ni sin saba, herufi ya sin. Kwa hiyo jibu la lile swali: ndiyo, S, lakini ni S ya jina la Kiajemi. Usiweke sukari, sufuria na sabuni ukadhani umemaliza. Vya kawaida ni hivi:

- *sabzeh*, ile ngano yako: uhai mpya
- *sib*, tufaa: afya na uzuri
- *sir*, kitunguu thaumu: kinga ya maradhi
- *serkeh*, siki: umri na subira
- *somagh*, punje nyekundu chachu zilizosagwa: rangi ya jua linapochomoza
- *senjed*, tunda dogo kavu la kahawia linalofanana na tende changa: mapenzi
- *samanu*, uji mzito mtamu wa ngano iliyoota: nguvu na shibe

Sumaki ya chuma siyo *somagh*, na kuna mtu aliniuliza hivyo kwa dhati kabisa. Kama duka lenu halina *senjed* au *samanu*, usihangaike. Weka *sekkeh* (sarafu), *sonbol* (ua la hiasinti) au *saat*, ambayo ni saa, jina lake na letu ni ndugu. Muhimu zifike saba. *Samanu* yenyewe nunua kwenye mkebe. Kuipika ni kazi ya usiku mzima wa kukoroga kwa zamu, na haitiwi sukari hata punje, utamu wote ni wa ngano.

Pembeni weka kioo, mishumaa, mayai ya rangi, bakuli la maji lenye danzi linaloelea, na kitabu. Kwa Waislamu wengi kitabu ni Msahafu, wengine huweka diwani ya Hafez, mshairi wa Kiajemi. Wazoroasta, Wayahudi, Wakristo na Wabahai wa Iran nao husherehekea, kila mmoja na chake. Kama una wasiwasi wa kidini, muulize mwalimu unayemwamini kabla hujatandika, halafu ufanye kwa moyo mmoja.

Samaki wa dhahabu utawaona kwenye picha nyingi. Mimi siweki, wala Bibi hawaweki tena. Wanakufa kwenye vile vibakuli ndani ya siku chache, na watoto wanalia.

Hatua ya 6. Mayai

Chemsha mayai meupe pamoja na maganda ya vitunguu maji na kijiko cha siki kwa rangi ya udongo mwekundu. Manjano kwa rangi ya njano. Kabichi ya zambarau kwa buluu (yaache humo usiku kucha). Yakaushe, yapake tone la mafuta yang'ae. Yale yatakayokaa mezani siku 13 msiyale.

Hatua ya 7. Wali wa majani na samaki

*Sabzi polo ba mahi*. *Polo* ndiyo pilau yetu, na usiogope, mkono uliopika wali wa biriani unaujua huu tayari.

a) Osha mchele hadi maji yatoke safi, loweka kwenye maji ya chumvi saa mbili.

b) Osha majani mapema, yatandaze yakauke kabisa, kisha yakate ndogondogo. Jumla yapate vikombe 4. Majani yenye maji hufanya wali uwe bokoboko, na hili ndilo kosa nalolikuta kuliko yote.

c) Chemsha maji mengi na chumvi vijiko 3 vikubwa. Mimina mchele. Baada ya dakika 6 chukua punje uing'ate: nje laini, katikati ngumu kidogo. Hapo hapo chuja. Dakika mbili za kusahau zinatosha kuuharibu.

d) Rudisha sufuria motoni, weka mafuta ya kufunika chini na zafarani iliyorowekwa. Tandaza vipande vyembamba vya viazi au mkate mwembamba. Hiyo ndiyo itakayokuwa *tahdig*, yaani chini ya sufuria, na kwa Kiswahili ni ukoko. Kwetu ukoko hugombewa na watoto jikoni. Kwao huletwa mezani mbele ya mgeni wa heshima.

e) Panga wali na majani kwa tabaka, vitunguu thaumu vizima katikati, juu uwe kama kichuguu. Toboa mashimo kwa mwiko. Moto wa wastani dakika 10, kisha funga mfuniko kwa kitambaa na upunguze moto uwe mdogo sana kwa dakika 45. Ukiwa na jiko la mkaa, palia.

f) Samaki: changu, nguru, sato, yeyote mwenye mnofu mweupe. Mpake chumvi, manjano na thaumu, mpitishe kwenye unga, mkaange. Pwani ya Caspian, kaskazini mwa Iran, wanapenda kumkamulia danzi juu, na aliye Unguja au Pemba ana bahati, danzi analo. Sisi wa huku tunakamulia ndimu.

g) Kabla ya kupakua, kalisha tako la sufuria kwenye beseni la maji baridi dakika moja. Ukoko utaachia wenyewe.

Hatua ya 8. Dakika yenyewe

Robo saa kabla, wote wawe wameoga, wamevaa, wamekaa mezani. Zima televisheni au iache kwa ajili ya kuhesabu tu. Washa mishumaa. Wengi husoma dua ya *Ya muqallibal qulubi wal absar*. Mwaka ukipinduka, mnakumbatiana na kusema *Nowruz mobarak*, neno la pili hilo unalijua tayari. Mkubwa wa nyumba hutoa *eidi* kwa wadogo, noti mpya zisizokunjwa, ambazo Bibi huzilaza ndani ya kitabu tangu jana yake. Ni mkono wa Idi mtupu. Pigia wazazi simu dakika hiyohiyo.

Ikiangukia Ramadhani, meza inatandikwa vilevile na chakula kinangoja magharibi.

Hatua ya 9. Kutembeleana, kisha siku ya 13

Siku za mwanzo wadogo huenda kwa wakubwa kwanza, na wakubwa hurudisha ziara. Ziara ni fupi: chai, kitu kitamu, habari, kwaheri. Usiende kabla hujapiga hodi kwa aliye mkubwa kuliko wote unaowafahamu, hata kama nyumba ya rafiki yako iko karibu zaidi.

Siku ya 13, Aprili 1 au 2, hakuna anayekaa ndani. Beba wali, mkeka na ile ngano, nenda penye majani na maji. Wasichana hufunga fundo kwenye majani ya ngano na kunuia mume au jambo jingine, kisha shada linaachwa liende na maji.

Panapoharibika

*Ngano imeota utando mweupe.* Tazama vizuri kwanza. Manyoya mafupi yaliyoizunguka mizizi tu ni mizizi yenyewe, pulizia maji yatalala. Utando kama buibui unaoenea juu ya punje ni kuvu: toa sehemu hiyo na kiasi kuzunguka, punguza maji, sogeza penye hewa.

*Inanuka.* Maji yamesimama chini. Inamisha, mwaga, iache bila kitambaa nusu siku. Ikizidi kunuka, itupe.

*Zimeota nusu tu.* Punje za zamani. Ukiwa bado na siku 8, anza na adesi, huota haraka kuliko ngano.

*Zimekua kabla ya wakati.* Ipeleke sahani mahali pa baridi zaidi ndani ya nyumba usiku. Zikirefuka mno, punguza ncha kwa mkasi siku mbili kabla.

*Zimebaki manjano.* Zimekosa mwanga. Siku mbili dirishani zinatosha.

*Ukoko umeungua.* Moto wa mwanzo ulikuwa mkali. Pakua wali wa juu taratibu bila kukwangua, ile harufu isipande. Mwakani tumia mkate badala ya viazi, unasamehe zaidi.

*Hatuna mto karibu.* Ifukie bustanini au wape kuku na mbuzi, kama haina kuvu. Usitupe sahani, plastiki wala utepe majini. Utepe ufungue kwanza, uuoshe, uukunje ndani ya droo pamoja na kile kitambaa cha kanga, ndiko utakakoutafuta mwezi wa tatu ukirudi.